Kengele ya Sabuni

Baba yangu, mzee Budeba, alikuwa na ng'ombe jike mweupe aliyeitwa Sabuni. Jina hilo alimpa tukiwa bado Shinyanga, enzi ambazo sabuni ilikuwa kitu cha kununua dukani bila foleni. Tulipohamia Usangu sabuni yenyewe ikaadimika, hata mjini Chimala watu wakawa wanafulia majani ya mpapai, na baba akapata la kuringia mbele ya wageni: "Kwenu hakuna hata kipande. Kwangu iko nzima, ina mkia, na asubuhi inakamuliwa."

Ndivyo alivyokuwa. Mimi, Roza, binti yake wa pekee, nilikulia kwenye masihara hayo kama watoto wengine wanavyokulia kwenye sala. Hata jioni ile tuliyomzika mama aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, "Mayu, sasa ugali utapika wewe. Mungu atuhurumie sote wawili." Nililia huku nacheka.

Sabuni ndiye aliyetangulia kundi. Shingoni alivaa kengele ya chuma kizito, yenye ufa upande mmoja, iliyolia kama mzee anayekohoa. Akila majani ilikohoa kivivu. Akitembea ilikohoa kwa mpigo. Akinywa maji ilinyamaza, kisha ikakohoa mara moja alipoinua kichwa. Baba alimfuata nyuma, fimbo mabegani, na watu wakasema mzee Budeba na Sabuni wake utadhani wamefunga ndoa.

Hawakujua. Baba alikuwa haoni.

Mimi nilijua tangu asubuhi moja ya masika, alipomaliza uji akaweka kikombe juu ya kigoda, na kigoda hakikuwepo hapo. Kikombe kikaanguka. "Kigoda kimehama bila kuaga," alisema, nikacheka. Halafu nikaona mkono wake unapapasa chini, unakipita kikombe, unarudi, unakipita tena. Nikaacha kucheka.

"Tangu lini, baba?"

"Funga mlango kwanza. Baba yako mdogo asisikie."

Baba mdogo Nyanda hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe walikuwa wao wote wawili, urithi wa babu, na nyumbani kwetu ilikuwa hivi: anayewachunga ndiye mwenye kauli juu yao. Siku baba akishindwa kuchunga, kundi linahamia zizini kwa Nyanda, na baba anabaki mtu wa kuletewa maziwa. "Siku nitakayoletewa maziwa na mdogo wangu," alisema, "mnizike na kikombe chake." Kaka yangu Seni, ambaye angeshika fimbo, alikuwa jeshini. Nikamwomba baba twende wote malishoni, akakataa. Binti mkubwa akimwandama baba yake porini kila siku, watu watauliza.

"Sabuni ananitosha," alisema. "Yeye ana macho, mimi nina mdomo. Tumegawana kazi."

Na kweli walifanya kazi. Njiani, mbele za watu, alitembea kifua mbele akisikiliza kengele. Wakifika mbugani, ambako hakuna wa kumwona, alishika mkia wa Sabuni. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Ndipo kiangazi cha sabini na nane ikaja Landrova kutoka Mbeya. Ilimleta Ezekia, bwana mifugo wetu, na fundi wa redio aliyeitwa Liberatus, kijana wa Kihesa, Iringa, aliyesomea ng'ambo na sasa amepanga chumba Soweto, pale Mbeya mjini. Wakashusha misokoto ya waya, betri za gari, sanduku la chuma lenye kioo cheusi, na katoni ya vidude vya plastiki, kila kimoja ukubwa wa kiberiti.

Liberatus alitueleza palepale joshoni, tunapoogesha ng'ombe dawa ya kupe. Kila ng'ombe atavaa kidude shingoni. Ndani yake mna redio ndogo isiyo na betri, imelala usingizi. Kwenye kichochoro cha kuingilia josho tutazungusha waya. Ng'ombe akipita, waya unaamsha redio yake, redio inataja namba, na namba inawaka kwenye sanduku. Bwana mifugo atajua nani ameoga na nani amekwepa, bila kugombana na mtu.

Akamgeukia baba, akamsalimu Kihehe. "Kamwene, mzee."

"Roza!" baba akapaza sauti. "Fungia mbwa ndani. Mhehe amefika."

Watu wakaangua kicheko, na Liberatus akacheka kuliko wote. "Mzee, mbwa wenu nimewaona njiani, wamekonda mno. Nitangoja wanenepe."

Kuanzia hapo wawili hao wakapendana.

Kuufunga mtambo hakukuwa kazi ya mchezo. Mlango wa kichochoro ulikuwa wa mabomba ya chuma, na chuma kilimeza sauti za redio, kwa hiyo ukang'olewa tukasimamisha nguzo za miti. Waya ukazungushwa kwenye nguzo mpaka ukawa kama fremu ya mlango usio na nyumba. Kichochoro tukakibana, maana ng'ombe wawili wakipita bega kwa bega redio zao husema pamoja, na sanduku halisikii hata mmoja. Mwisho Liberatus akajivika kidude shingoni, akapita mwenyewe kujaribu. Ti! likalia sanduku, na namba saba nyekundu ikawaka kiooni.

"Bwana mifugo," nikasema, "huyu namba saba hakamuliki. Mchinje."

"Tutamfunga plau," alijibu Ezekia.

"Kwa mabega hayo? Atalima bustani ya mchicha."

Baba alikaa juu ya jiwe, uso ameelekeza kwenye vicheko. Aliipenda ile kazi. "Redio ya nyumbani kwangu inaongea tu, haisikilizi mtu," alisema. "Hii inasikiliza hata ng'ombe! Fundi, Sabuni wangu apewe namba moja. Awe wa kwanza kupita." Liberatus akachagua kidude chenye namba moja, akamfunga Sabuni shingoni, jirani na kengele.

Sabuni akapita. Sanduku likanyamaza. Wakafuata wengine, ti, ti, ti, kila mmoja na namba yake. Sabuni akarudishwa, akapitishwa tena. Kimya. Liberatus akakifungua kidude, akakipitisha kwa mkono, kikalia. Akaigusa kengele, akatikisa kichwa.

"Ni hii. Chuma kizito kimekaa jirani mno na redio. Mzee, itabidi tuivue."

Nikamtazama baba. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, lakini lilikaa kama shati lililosahaulika kambani, mwenyewe keshaondoka.

"Kidude hakiwezi kukaa sikioni?" niliuliza. "Au kwenye pembe?"

"Dada, hivi vimetengenezwa kwa shingo tu."

"Basi Sabuni asivae. Waandikeni wengine."

"Roza, una nini?" Baba mdogo Nyanda alikuwa ameegemea nguzo. "Unawazuia wageni kwa ajili ya kengele? Kengele ni ya ng'ombe wa mtu anayesinzia malishoni. Kaka yangu macho anayo."

Nilifungua mdomo. Fimbo ya baba ikautafuta mguu wangu, ikaupata, ikaukandamiza.

"Kengele tu hiyo," baba alisema. "Tena imenichosha kwa makelele. Nipeni kisu." Akakata mkanda mwenyewe, vidole vikienda moja kwa moja kwenye fundo, akaitumbukiza kengele kwenye mfuko wake wa ngozi. "Nitamvalisha Roza. Siku hizi akitumwa Chimala anapotea mpaka jioni."

Wakacheka. Sabuni akapita. Ti! Moja nyekundu ikawaka, na watu wakapiga makofi. Baba naye alipiga.

Nyumbani nilimpigia magoti. Nilimwambia aseme anaumwa tumbo.

"Kesho tumbo, keshokutwa je? Nyanda si mtoto. Nitashika mkia wa Sabuni tangu mwanzo."

"Na akikimbia?"

"Sabuni hakimbii, mayu. Huteleza tu."

Kesho yake alitoka na kundi kama kawaida. Nilizoea kuisikia kengele ikikohoa mpaka ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na kwa kuisikia nilijua baba yuko wapi. Asubuhi hiyo nilisikia kwato, kisha sikusikia kitu.

Jioni Liberatus aliwasha mtambo ili ausome msafara wa kurudi. Watu walijaa. Vumbi likaonekana, na Sabuni akatokea mbele, hana haraka, akaingia kichochoroni. Ti! Nyuma yake wengine, mmoja mmoja, ti, ti, ti, na Ezekia akitamka kila namba kama padri anayebatiza. Ndama wa mwisho akapita.

"Wote wamo!" Liberatus aliruka juu kama mtoto. "Hakuna aliyepotea hata mmoja!"

Nyanda akamshika mkono, akautikisa. "Mashine hii ni kiboko, fundi. Kiboko!"

Mimi nilikuwa natazama nyuma ya yule ndama. Vumbi lilishuka taratibu mpaka likaisha, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Baba yuko wapi?"

"Atakuwa amesimama kuongea na mtu," Nyanda alisema. "Njia anaijua."

Tulingoja. Jua likagusa ukingo wa mbuga, na Nyanda mwenyewe akaanza kutazama huku na huku. Ng'ambo ya malisho kuna tope la Ihefu, ambalo ng'ombe akiingia hubaki pembe. Wakapanda Landrova, nami nikajipenyeza nyuma. Liberatus akapiga honi, wanaume wakaita, "Budeba ee! Budeba!" wakifuata njia anayopita kila siku. Walimtafuta mahali ambapo mtu anayeona angekuwepo. Injini ilinguruma, honi ililia, kila mtu akipiga kelele, na mimi niliwaza mfuko wa ngozi.

Nilipiga bati la gari kwa ngumi. "Zima gari!"

"Nini, dada?"

"Zima gari! Nyamazeni wote. Baba haoni."

Liberatus akazima. Nyanda akageuza shingo polepole. "Haoni nini?"

"Haoni, baba mdogo. Wewe hakuoni, mimi hanioni. Mwaka mzima alikuwa anafuata kengele ya Sabuni. Anayo mfukoni. Jamani, nyamazeni tumsikilize."

Wakanyamaza. Kwanza tulisikia vyura tu. Kisha mbali, upande wa tope, si karibu na njia yoyote, kitu kikakohoa. Kikanyamaza. Kikakohoa tena.

Tulimkuta ametitia mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika matete, mwingine umeinua kengele juu ya kichwa. Aliposikia miguu yetu uso wake ulifunguka.

"Sabuni?"

"Ni sisi, baba."

"Aa. Nikadhani ni mtu wa maana."

Hilo ndilo neno lake la mwisho la masihara. Sikujua wakati ule kwamba ni la mwisho, ningelishika vizuri zaidi.

Walimvuta kwa kamba mpaka nchi kavu. Nyanda akapiga magoti mbele yake, akapitisha kiganja karibu kabisa na macho yake, akakirudisha. Macho hayakupepesa. Lakini baba alihisi upepo wa ule mkono, akajua ni nini kinafanyika, na tabasamu likaondoka.

"Nani kawaambia?"

Liberatus alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Baba akageuza uso, akauleta moja kwa moja mahali nilipokuwa nimesimama, kana kwamba anaona.

"Mayu," alisema. Basi.

Liberatus alimpeleka hospitali Mbeya kwa Landrova ileile, akakaa naye kwenye benchi siku nzima. Daktari alisema macho yameshakwisha. Fundi akarudi ananung'unika kwamba ataandika barua ng'ambo, atatengeneza kidude cha kufunga kwenye pembe, mbali na kengele. Alikuwa anazungumza na upepo. Kundi lilikuwa limeshahamia kwa Nyanda. Nyanda hakuja kwa ubabe. Alikuja amevua kofia, akachuchumaa mlangoni, akasema, "Kaka, niruhusu." Baba akampa fimbo.

Tangu hapo baba mdogo hutuletea maziwa kila asubuhi, yeye mwenyewe, hatumi mtu. Baba hupokea kikombe kwa mikono miwili. "Ahsante," husema. Hunywa, hukirudisha.

Nami hunishukuru. "Ahsante, Roza. Ugali ni mzuri, Roza." Mayu amekwisha. Wakati mwingine naunguza mboga kwa makusudi, nasubiri aseme kwamba hata fisi wangeiacha. Anakula mpaka mwisho. Ananiheshimu kama mtu anavyomheshimu mwenye nyumba aliyempangisha. Ningesema tena neno lile la kwenye gari hata leo, maana angekufa pale. Yeye pia analijua hilo, na halimsaidii kitu.

Siku ya josho huniomba nimpeleke. Namkalisha kwenye jiwe lake, kando ya nguzo za Liberatus, na kengele inakaa mfukoni, ameizungushia kitambaa isilie. Kundi linapoingia kichochoroni huinamisha kichwa, sikio moja mbele.

Ti. Ti. Ti.

"Huyo nani?" huuliza.

Namtajia. Yule wa pembe iliyovunjika. Yule aliyezaa mapacha. Ti. Yule mkorofi. Sanduku linamjua kila mmoja kwa namba yake, ila sauti linayotoa ni moja, kwa huyu na kwa yule, na baba anahangaika nayo kama mtu anayepapasa ukuta usio na mlango.

Wiki iliyopita hakuniuliza hata mmoja mpaka wakaisha, vumbi likatulia, Nyanda akafunga lango. Akabaki ameinama.

"Sabuni alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba. Kama kawaida yake. Amepita hapo hapo mbele yako."

Mkono wake ukaingia mfukoni, ukakaa humo.

"Sikumsikia," alisema.