Uso Wangu Ndani ya Injini

Usiku wa jana niliota nimeketi barazani kwangu, Muheza, nasugua injini ya pikipiki ya mume wangu, Baba Tatu, kwa mswaki. Pikipiki yenyewe haina tena matairi wala kiti. Iliyobaki ni injini, na Baba Tatu anaisugua kuliko anavyosugua visigino vyake. Kwa nini ndotoni kazi ikawa yangu, sijui. Nilisugua tu.

Injini ikaniambia nianze kwa kuziba matundu, maji yasiingie. Hiyo ni kanuni, hata Baba Tatu huifuata. Nikaziba tundu la moshi kwa tambara, masikio yangu yakaziba. Nikaziba tundu la hewa, pumzi ikakata. Injini ilikuwa inacheka; sikuisikia, ila niliona chai yangu inatikisika kikombeni. Nikayazibua yote. Nikasema maji yakitaka kuingia na yaingie.

"Sasa ng'arisha mpaka ujione," ikasema.

Nikapiga msasa laini kile kifuniko cha pembeni, nikapaka dawa, nikafuta. Nikajiona kama kiooni. Nikatabasamu, na uso wa mle ndani ukatabasamu. Kisha nikageukia chai yangu, na uso ukabaki kule kule.

Najipapasa. Ngozi tupu, laini kama bakuli. Kikombe kinagonga mahali palipokuwa na mdomo, chai inanimwagikia kifuani. Nataka kulalamika, unaolalamika ni mdomo wa ndani ya injini, kwa sauti yangu mwenyewe, na unanuka oili.

Mara niko mlangoni pa harusi ya mjukuu wa dada yangu. Sikutembea, nimefika tu, na injini nimeipakata. Wanawake wa mlangoni wanaiinamia injini.

"Shikamoo, Mama Tatu. Pita ndani, biriani imeiva."

Mimi wananiambia wabeba mizigo wapitie nyuma.

Hapo ndipo nilipoelewa, na katika ndoto ile nilielewa hilo moja tu. Kukikucha hivi, injini ndiyo itakayoamka kitandani kwangu na kupikiwa uji na wakwe zangu, na mimi nitabaki barazani juu ya gazeti, nasuguliwa kwa mswaki.

Nikaipeleka nyuma ya jiko, tukakaa sisi wawili kati ya masufuria. Nikaibembeleza inirudishie uso. Nikaiambia ni uso wa zamani, una mikunjo, hauiongezei chochote. Ikajibu kwamba yenyewe pia ina mikunjo, ya kupozea moto, na hakuna aliyewahi kuisema vibaya.

"Unataka nini, mwenzangu?"

"Dada mkubwa," ikasema taratibu, "miaka yote nafutwa na fulana kuukuu za mumeo. Wewe una kanga kabati zima. Nigawie upande mmoja wa hiyo uliyovaa."

Kwetu mwanamke hagawani doti na mtu ovyo. Mkishagawana, wewe upande mmoja na yeye mwingine, mmekuwa mashoga, na shoga yako humwibii kitu. Injini ilijua hayo, sijui ilifundishwa na nani. Shida ni kwamba doti ile ilikuwa mpya, haijaingia maji hata mara moja. Nikaipima doti, nikaupima uso. Nilichukua muda kidogo.

Mwishowe nikauma upindo, nikaipasua katikati. Injini ikajifunga upande wake kiunoni, vizuri kuliko ninavyojifunga mimi, ikaniambia niinamishe kichwa. Ikanibandika uso haraka haraka, kama mtu anayebandika stempu.

"Umekaa sawa?" nikauliza, kwa mdomo wangu.

"Umekaa vile vile ulivyokuwa umekaa kwangu."

Nikaamka. Kumekucha, Baba Tatu yuko barazani na mswaki wake. Nikatoka nikijipapasa. Macho yapo, pua ipo, mdomo upo. Nikasimama mbele yake.

"Baba Tatu, ile chunjua yangu niliyozaliwa nayo iko shavu gani?"

"La kushoto," akasema, macho kwenye injini. "Tangu siku niliyokuoa. Unaulizia nini?"

Nikamwambia basi tu, aendelee na kazi yake. Kidole changu kilikuwa juu ya chunjua, shavu la kulia.