Maombi Juu ya Friji

Zacharie mwenyewe ndiye aliyewaalika. Baada ya ibada alitangaza kwamba kikundi chote cha maombi kije kwake Tensta, huku Uswidi, kumtazama kwenye televisheni, na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, itakuwepo. Binti yake Arielle alikuwa amemwonya: chaneli ile inajulikana kwa katuni za watu wazima, na vipindi vyake vipya vya watu halisi vimekosa adabu kuliko hata katuni zenyewe. Zacharie hakuona tatizo. Yeye alikuwa ameigiza mchungaji.

"Papa Zacharie, kesho utatusalimia kweli?" Évode alimtania, akijitandaza kwenye kochi. "Ao tutapitia kwa sekretere wako?"

"Nyamaza wewe, kinaanza."

Familia ya Kiswidi ilikuwa jikoni, imeizunguka friji yenye pepo. Zacharie akaingia na joho jeupe, akaiwekea mikono. Friji ikajamba. Watoto wa kikundi wakaangua kicheko, na Zacharie akahisi masikio yanawaka. Siku ya kurekodi friji ile ilikuwa kimya kabisa. Mwongozaji alimwambia tu aombe kwa lugha yake, lolote lile, kwa kuwa hakuna atakayeelewa.

Ila Zacharie hakuwa na maombi ya lolote lile. Alilelewa akiambiwa kwamba jina la Mungu halifanyiwi mazoezi. Na yeye ndiye mwombezi wa kikundi; watu humletea mizigo yao faraghani, naye huibeba mpaka ijibiwe. Basi siku ile, mikono juu ya friji, alifumba macho akaomba mzigo aliokuwa nao.

Alikumbuka sasa, akiwa amechelewa. Akapapasa kutafuta rimoti. Évode alikuwa ameikalia.

"Bwana, mkumbuke binti yako Josiane," sauti yake ikajaa sebuleni. "Mimba zake zimetoka, Baba, moja baada ya nyingine. Mfute machozi."

Friji ikajamba tena. Familia ya kwenye televisheni ikaitikia amina.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Josiane alikuwa karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, kando ya mumewe Vainqueur. Miaka yote, akiulizwa habari za watoto, alitabasamu na kujibu kwamba bado anasoma.

"Stäng av, pappa," Arielle alinong'ona kwa Kiswidi, akimsihi baba yake azime. Zacharie akasimama mbele ya skrini kuiziba kwa mwili wake, lakini sauti iliendelea nyuma ya mgongo wake mpaka mkewe, Madeleine, alipochomoa waya ukutani.

"Dada Josiane," Zacharie alisema. "Waliniambia hakuna atakayeelewa."

Maneno yalipomtoka akaona yanamvua nguo zaidi.

"Nani hangeelewa, Papa?" Josiane aliuliza, bila kupandisha sauti. "Sisi, ao Mungu?"

 Madeleine, kwa kukosa la kufanya, akaleta sufuria ya sombe mezani na kusema chakula kibarikiwe. Kwa mazoea, watu wakainamisha vichwa wakimngoja Zacharie. Akafungua kinywa. Neno halikuja.

Josiane akatua kikombe, akasimama.

"Leo tuachie, Papa. Nitaomba mimi."

Aliomba kwa kifupi: chakula, mikono iliyokipika, nyumba hii na wote waliomo. Hakumtaja mtu yeyote kwa jina. Amina ya Zacharie ilitoka ya mwisho, peke yake.