Namba Sita Ilikuwa Wazi

Jumatano mchana Lukeba alikuwa amepiga magoti kanisani Rumonge, anasugua pedali zake za gita kwa burashi ya meno. Zilikuwa tano juu ya ubao mmoja: ya mwangwi, ya kukwaruza sauti, ya kuitetemesha, na nyingine mbili. Zamani alizikanyaga mwenyewe, akirukaruka kati ya ubeti na kiitikio kama mtu aliyeingiwa na siafu. Siku hizi kuna waya wa MIDI. Waya huo haupitishi sauti, wengi hukosea hapo. Unapitisha amri tu. Ukikanyaga namba moja kwenye kibao cha amri, pedali zote hujipanga zenyewe.

Kibao hicho alikileta Mchungaji Melkiades kutoka Bujumbura, akakiweka chini ya mimbari, miguuni pake. Alisema ibada haiwezi kuwa na wakubwa wawili.

Mwezi wa kwanza amri ziliishia kwenye pedali. Mwezi wa pili zikamfikia Lukeba. Namba moja ilimsimamisha mahali pake, kushoto kwa kwaya. Namba tatu ilimchezesha. Namba tano ilimpigisha magoti. Ange, wa sauti ya kwanza, aliomba tu nafasi iongezwe, maana magoti hayo yalimwangukia viatuni.

Basi Jumatano hiyo ikaja simu kutoka Nyanza-Lac. Mama yake Lukeba alikuwa hali chakula tena, anamwita.

"Pasta, mama iko mugonjwa sana. Naomba siku tatu tu."

"Konvansyo ipite kwanza, mwanangu. Makanisa yote yanakuja, nani atapiga gita?"

Iliuma, tena sana. Lukeba akapanda taksi hivyo hivyo. Walipofika Kigwena, njiani, huku Rumonge mazoezi yalianza na Mchungaji akakanyaga namba moja. Waya ulikuwa wa mita tano, lakini ulitosha. Miguu ya Lukeba ilimshusha, ikageuka, ikaanza kurudi kando ya michikichi.

"Mwenye nguvu mpishe," alisema dereva, akamfuata na begi alilosahau.

Kesho yake Lukeba alichomoa waya. Mkono wake wenyewe ukaurudisha. Ndipo alipomwendea Providence, mpiga kinanda, aliyejua mitambo hiyo kuliko sisi wanakwaya wote.

"Namba sita iko wazi. Niwekee humo Nyanza-Lac."

"Yaya, kaka yangu, haiwezekani. Ile kitu inachunga ndani yake tu kile unafanya saa ile. Unakanyaga vifungo viwili pamoja, inashika. Ili ishike Nyanza-Lac, lazima uwe Nyanza-Lac."

"Na nikiwa Nyanza-Lac, nitaihitajia nini?"

Providence alifikiri, akasema ni kweli. Wakaanza mazoezi.

Jumapili ya konvansyo, saa nne na robo, wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha. Simu ya Providence ilitikisika juu ya kinanda. Alisoma, akainuka, akamnong'oneza Lukeba kwamba mama amefariki alfajiri na watamzika leo hii.

Hakuna namba iliyokanyagwa. Lukeba aliinamia gita lake akapiga kitu ambacho hatukuwahi kukisikia, huku analia kwa sauti. Wageni wa Bugarama walilia. Sisi nasi tulilia, kusema kweli tuliona raha ya kulia. Mchungaji Melkiades alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka mashavuni. Kisha akashusha macho, akakanyaga vifungo viwili pamoja.

Tangu hapo namba sita haiko wazi. Inakanyagwa kila Jumapili, saa nne na robo, kabla ya maombi ya toba. Lukeba hupokea upya habari kwamba mama yake amefariki alfajiri na atazikwa leo hii, na kanisa zima hulia. Watu wanatoka mbali kuja kumsikia. Wengine wanatoka Nyanza-Lac. Wakishalia vya kutosha, Mchungaji hukanyaga namba moja. Machozi ya Lukeba hukatika, naye hurudi mahali pake kushoto, na kwaya huanza wimbo wa pili.