Sufu ya Tumbo Hutoka Kwanza

Nélida Irigaray hajapata kuona sentensi ya mwanafunzi asitamani kuinyoosha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anafundisha historia katika sekondari ya Paso del Junco, na kalamu nyekundu hakuikosa hata kwenye mkoba wa kwendea kanisani. Kwa hiyo mwaka ule darasa la tatu B lilipoanza kuandika historia ya mji wao kwenye wiki, yaani kitabu cha mtandaoni ambacho kila mwanafunzi anaweza kukiongeza, kukipunguza na kukirekebisha, wenzake walidhani mama mtu mzima yule atakimbia. Akimbilie wapi? Alijifunza kwa siku kumi, akakijua kitu hicho kuliko vijana. Kila asubuhi kabla ya kengele alikuwa ameshaingia, ananyoosha.

Na kitabu kilipendeza, asikudanganye mtu. Reli ilikuwamo, mafuriko yalikuwamo, kiwanda cha ngozi, vikosi vya wanyoa kondoo, vyote kwa lugha safi isiyo na doa. Nélida alijivunia wazi, tena mbele za watu.

Ijumaa ya mwisho ya Novemba walimu walikutana kufunga alama za mwaka. Mkuu wa shule, Washington Bentancor, alikaa mwisho wa meza, na kibuyu cha yerba, chai chungu ya majani, kilizunguka mkono kwa mkono. Walipofika kwa Eliana Techera, mwalimu Gladys wa hesabu alivua miwani.

"Huyu arudie mwaka," alisema. "Kwangu kafeli, kwenye kemia kafeli. Akifeli na historia, basi."

"Kwangu kapita," alisema Nélida.

"Kwa lipi?"

"Sura ya wanyoa kondoo kaiandika yeye."

Habari za nyumbani kwa Eliana zilijulikana na wote. Baba yake alikuwa mnyoa kondoo, na alishatamka: binti akirudia mwaka, ataondoka na kikosi kuwapikia, na shule itakuwa imekwisha. Kikosi kilikuwa kinaondoka Jumatano. Historia ndiyo kamba pekee iliyobaki.

Gladys alitoa karatasi aliyochapiwa na Rubén, mwalimu wa kompyuta. Ilionyesha kila mwanafunzi na maneno yake yaliyomo kitabuni mpaka siku ile. "Soma mwenyewe, dada. Eliana Techera, sifuri. Mimi na ukali wangu wote sijawahi kumpa mtu sifuri safi namna hii."

Nélida alicheka. Alikuwa na hakika kama mtu anayelijua jina lake. "Hiyo karatasi imelala. Rubén, washa projekta. Wiki haisahau. Kila aliyegusa, jina lake lipo, na saa aliyogusa ipo. Fungua kumbukumbu za sura hiyo uwaonyeshe."

Rubén akafungua. Ukutani ikatokea mistari miwili tu. Tarehe kumi na nne Agosti, Eliana Techera: maneno mia sita na kumi yameongezwa. Tarehe kumi na tano Agosti, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Nélida Irigaray: maneno mia sita na kumi yameondolewa, mia nne yameongezwa.

Uso wa Nélida ukawaka moto. Aliikumbuka asubuhi ile vizuri. Alinyoosha kwa furaha siku hiyo, na hilo ndilo lililomwaibisha zaidi.

"Umempa mtoto alama kwa kazi yako," Gladys alisema, na safari hii hakutania.

"Hebu tusikie hicho kilichomo sasa," mkuu alisema.

Rubén akasoma: "Kondoo hufungwa miguu, kisha sufu hukatwa kuanzia mgongoni, na ile ya tumbo huja mwisho."

Washington, ambaye alikulia kwenye mashamba ya kondoo, aliweka kibuyu chini. "Loo. Nani kaandika upuuzi huu? Kondoo hafungwi siku hizi, hayo ni ya enzi za mababu. Na sufu ya tumbo hutoka kwanza, inawekwa kando, maana ni chafu na itaharibu nyingine."

"Mimi," alisema Nélida. "Babu yangu alikuwa akiwafunga. Nikajua mtoto kakosea."

"Na yeye aliandikaje?"

Rubén alifungua toleo la kwanza, lakini Nélida hakumwachia alisome. Alisimama, akasogea ukutani, akasoma mwenyewe, pamoja na makosa yote ya uandishi: "Kwanza unamkalisha kitako humfungi, ukimfunga anaogopa na akiogopa anapiga mateke na baba ananyoa mia kwa siku hana muda wa kupigana. Sufu ya tumbo inatoka kwanza tunaiweka kando. Mimi ndiye ninayeiokota." Akaendelea hivyo mpaka neno la mwisho, na kibuyu kikapoa mezani bila wa kukishika.

"Makosa ni yangu, mtoto hana deni," alisema. "Mpeni haki yake."

Gladys alikuwa mkali, lakini roho mbaya hakuwa nayo. Mkuu alipoomba kura, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Jumatatu asubuhi Nélida alimwita Eliana chumba cha kompyuta. Msichana aliingia mikono nyuma, mikono ya sweta ikiwa mifupi mno kwake.

"Umepita," Nélida alimwambia kabla hajakaa. "Jumatano baba yako atakwenda bila wewe."

Eliana alishusha pumzi ndefu.

"Halafu kuna jingine. Sura yako niliifuta."

"Najua, mwalimu. Niliona siku ileile."

"Sasa mbona hukuirudisha? Ni kubofya mara moja tu, nimewafundisha mwenyewe."

Eliana aliangalia viatu vyake. "Lilikuwa jina lako, mwalimu. Nikaona basi sisi ndio hatujui. Nikamwambia baba ananyoa vibaya."

Nélida aliweka kalamu yake nyekundu mezani. "Akasemaje?" aliuliza.

"Akasema mwalimu ndiye aliyesoma."

Iliuma. Iliuma kuliko karatasi ya Gladys na macho ya wenzake wote. Nélida alivuta kiti mbele ya kompyuta, akampisha. "Kaa. Fanya wewe, kwa mkono wako."

Eliana akabofya. Sura yake ikarudi, koma zikiwa zimetawanyika zilikotaka, na kwenye kumbukumbu ukazaliwa mstari mpya: Eliana Techera ametendua marekebisho ya Nélida Irigaray. Aliusoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Mwalimu, naweza kuuchapa huu?"

"Wa nini?"

"Baba anaamini cha kwenye karatasi."

Nélida akawasha printa, na karatasi ilipotoka akachukua ile kalamu nyekundu, akatia sahihi yake chini.