Ukuta wa Mama Ukumbini

Disebo ndiye aliyeniletea habari. Tulikuwa tunakunja mashuka pale kwa dobi tunakofanya kazi, hapa Johannesburg, akanisogezea simu yake mpaka puani.

"Wewe, si mlango wenu huu uliokuwa unaniambia?"

Ulikuwa wenyewe. Mlango wa bluu, chuma cha kwato ya farasi kimepigiliwa juu yake. Pembeni, kipande cha ukuta wa mama. Tangazo la maonyesho likasema njoo uingie ndani ya kuta za Wasotho, zikuzunguke, utembee ndani yake.

"Nenda basi," Disebo akasema. "Usipoenda nitakwenda mimi nijifanye ndiye mwenye nyumba."

Kwetu mwanamke anasiriba nyumba yake kwa udongo na mavi ya ng'ombe, halafu kabla haujakauka anauchora kwa vidole. Rangi inafuata baadaye. Mvua ikija inafuta yote, na ndivyo tunavyotaka, maana ikifuta ujue wazee waliotangulia wamepokea. Mwaka mwingine unachora tena. Majirani walikuwa wakibadilisha, mara maua, mara vishale. Mama hakubadilisha. Alikuwa na mchoro wake mmoja tu, nami nilimsaidia upande wa chini, kwa sababu ndipo nilipofika. Nilikuwa bado namfika kiunoni alipougua. Hakuchora tena.

Sasa jiwe lake la kaburi limepatikana, na mwezi wa tisa ukoo wote unakuja kulifunua. Malome, kaka yake mama, alinipigia akaniambia: "Ukuta wa mbele uchore wewe. Kama alivyouchora yeye." Dada yangu Mmatlali hajawahi kupenda udongo. Kwa hiyo ni mimi. Na mimi najua chini tu. Ya juu siijui. Niliiona kila siku ya utoto wangu, lakini kuona siyo kujua. Wakati huo bwana mmoja alipita na kamera akapiga picha nyumba zetu, hakutuachia hata moja. Hiyo ndiyo niliyoifuata kule.

Nilikwenda Jumapili, bado nimevaa nguo za kanisani. Ukumbi ulikuwa zamani duka la fenicha, sakafuni alama za miguu ya makabati bado zipo. Ndani giza. Watu wamelala kwenye mito kama wamechoka na safari. Muziki ukaanza, projekta zikawaka, na kuta zikaja kwa mwanga.

Zilikuja kubwa mno. Ua moja lilitoka pembe hii mpaka pembe ile, kisha likaanza kuzunguka, likagawanyika, yakawa maua elfu yanakimbizana. Palipoungana vitambaa vya ukutani pamekunjamana, kila mstari ukifika hapo unavunjika. Nikagusa. Nguo tu, laini, na vumbi.

"Dada, sogea bwana, unanizibia!" Msichana alikuwa anapigwa picha na mwenzake, mikono juu, rangi ya udongo imemwagika kwenye gauni lake jeupe.

"Samahani."

"Si wewe, dada, ni kichwa chako. Kifiche!" Wakacheka. Nikainama nikapita.

Halafu ukaja mlango wa bluu. Nilisimama. Chini yake niliiona mistari yangu, ile iliyopinda, na pale kidole kilipoteleza mama akasema acha hivyo hivyo. Alama ya kidole changu cha utotoni ilikuwa na unene wa mwili wa mtu mzima. Nikapandisha macho. Ukuta ulipanda, ukafika darini, ukajikunja, ukapotea katikati ya mabomba meusi. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga upande wa pili. Hata hapo sikuona. Kisha wote ukaanza kuzunguka, ukaondoka.

Kijana wa fulana nyeusi alikuwa amesimama mlangoni.

"Abuti, kaka yangu, ile ya mlango wa bluu, haiwezi kusimama kidogo?"

"Haisimami, ausi, dada yangu. Inajiendesha yenyewe. Subiri itarudi."

"Sehemu ya juu ya ukuta iko wapi?"

Akatazama darini, akakuna shingo. "Ah, hiyo. Ukumbi huu mfupi. Wameikata."

"Ipo picha yenyewe, ndogo?"

"Mimi wananiletea mashine imeshajazwa, ausi. Sijaiona hata siku moja."

Hakunisema vibaya. Alinipa mto nikae.

Nikasubiri. Ikasikika ngurumo kwenye spika, kisha mvua. Nikainua uso nione michoro ikifutika. Upande wa pili mama mmoja, blanketi begani, naye alikuwa ameinua uso vile vile. Mvua ikanyesha, maua yakabaki yanang'aa. Tukatazamana. Akacheka kidogo, nami nikacheka, na nikataka kwenda kukaa karibu naye. Wanawe wakamwita mama yao, "Mme, twende, imeshajirudia." Akaenda.

Mlango wa bluu ulirudi, ukapanda, ukajikunja palepale. Nilikaa mpaka wakawasha taa. Taa zilipowaka vilibaki vitambaa vyeupe vya ukutani, na mimi.

Nje nilimpigia Mmatlali.

"Umeiona?"

"Ya chini nimeiona. Ya juu wameikata."

"Sasa tatizo nini? Chora maua."

"Mama hakuchora maua, ausi."

"Alichora nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ulikuwa mkubwa."

Nikasikia televisheni yake, na mtoto akidai maziwa.

"Nnana, mdogo wangu, nani anakumbuka?" akasema. "Malome mwenyewe haoni vizuri siku hizi. Watu wanakuja kula nyama. Chora chochote, watasema ni wa mama."

"Haya."

"Usininunie."

"Sikununii."

Mwezi wa tisa nilitangulia nyumbani. Shangazi anayekaa pale, aliyehamia baada ya mama kufa, alichanganya udongo, tukasiriba pamoja, kisha akaingia ndani kupika. Nilianza chini. Vidole vilikwenda vyenyewe bila kuniuliza, hadi usawa wa kiuno, vikasimama.

Nikaleta kreti la vinywaji nikapanda. Juu ya kichwa changu udongo ulikuwa bado mbichi, mtupu, na jua limeshaufikia. Unapoanza kupauka hauchoreki tena. Kutoka ndani shangazi akaita, "Unaendelea, mwanangu?"

"Naendelea," nikasema, nikaweka mkono kwenye udongo.