Kanga ya Kampuni

Baraza ya Hajra pale Mlingotini haikosi watu, lakini siku ile hata pa kuweka kiatu hapakuwapo. Wanawake arobaini na mmoja wa mwani walijaa kuona kanga za bure. Kampuni inayonunua mwani wao ilikuwa imemtuma ofisa wake, Abdullatif, na marobota ya kanga, karatasi za kusaini, kila mtu yake, na mpiga picha.

Kisa kilijulikana hadi Mbegani. Kampuni iliwagawia kamba mpya za buluu, zimetiwa dawa, wafungie mwani. Wiki ya pili viganja vikatoka malengelenge. Waliposema, wakaambiwa watazoea. Tangu hapo mkono wa kulia wa Hajra haukunjiki. Hata tonge hafinyangi. Wakafungua kesi, wote kwa pamoja, wakisaidiwa na Mwalimu Vicky, mhadhiri wa sheria anayeandika juu ya kesi za watu wengi walioumizwa na kitu kimoja.

"Ukisaini, umejitoa kwenye kesi," Vicky alikumbusha, kikombe cha kahawa mkononi.

"Karatasi sisaini," akajibu Dija, wifi yake Hajra. "Lakini kanga navaa. Ina kosa gani?" Alikwisha jifunga, anajigeuzageuza mbele ya kamera.

Hajra akamsoma nyuma: AJALI HAINA KINGA.

"Wifi, mwaka jana ulipopita hapa na ile kanga ya mafumbo, nani alikuwa akinisema? Kiwanda kilichoichapa?"

"Mimi. Na ulisikia."

Baraza ikacheka.

"Basi na leo unasema wewe. Picha itafika kwa hakimu, Dija mwenyewe anasema ilikuwa ajali."

Dija akaacha kujigeuza.

Vicky akaweka kikombe chini. "Kesi nzima ndiyo hiyo. Wao wanasema ajali. Sisi tunasema uzembe: waliambiwa, wakapuuza."

"Mama zangu, hii ni pole tu," Abdullatif akasema. "Na kila mkono una sababu yake. Huyu sabuni, yule umri."

"Kamba ilikuwa moja, baba. Mikono ndiyo mingi," akasema Hajra. "Na pole hutoa jirani. Aliyeniunguza huniambia, 'Nisamehe.' Hilo neno umekuja nalo?"

Abdullatif akazipangapanga karatasi zake.

"Dija, lete mkasi."

Mkono wa Hajra haukuweza kuushika, kwa hiyo Dija ndiye aliyekata. Alianza na kanga yake, akautoa ule ukanda wa maneno, maua akayaacha. Mkasi ukazunguka. Kanga zilipokwisha, mbele ya Abdullatif palikuwa na rundo la AJALI HAINA KINGA linalofika magotini.

"Nguo tumeipokea," Hajra alimwambia. "Maneno ni yenu, rudi nayo. Karatasi zako pia, hazina hata doa la wino."

Kisha akamgeukia mpiga picha, akauinua ule mkono usiokunjika. Arobaini wengine wakainua yao.

"Haya, mwanangu, piga. Na rundo litokee."