Vikombe vya Wageni

Mama alikuwa dobi. Alifua na kunyoosha nguo za watu mpaka viganja vikasinyaa, lakini nyumbani kwake chai ilinywewa kwa vikombe vya plastiki. Vile vizuri vilikaa sebuleni, kwenye kabati la vioo: seti nyeupe yenye mstari wa dhahabu ukingoni, pamoja na birika lake. Ufunguo aliubana kwa pini ndani ya blauzi.

"Hivyo ni vya wageni," alisema. Akaja mjomba, akanywea plastiki. Wakaja wakwe, nao wakanywea plastiki. Hakuna aliyejua alimngoja mgeni gani.

Uzeeni akaanza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni, kisha njia ya sokoni, kisha watu. Binti yake, fundi cherehani, akahamisha cherehani yake akaja kukaa naye. Siku moja, akimwogesha, akaichomoa ile pini.

"Vikombe hivi tunamwekea nani?" alimuuliza kaka yake, mpaka rangi wa majumba, aliyekuja kuwasalimu.

"Wanasema kitunze kikutunze," kaka akajibu. "Hivyo vimemtunza lini? Mpe mwenyewe anywe."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Mama alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu, akafuta midomo. Fundi alimtazama kwa raha, akajuta kwamba hakufanya hivyo mapema.

Wiki haikuisha. Mama alirudisha kikombe kwenye kisahani, akasimama.

"Asante sana, dada yangu. Mmenikirimu vya kutosha. Sasa naomba ruhusa, nimeacha watoto peke yao."

"Mama, kaa. Hapa ndipo nyumbani kwako."

Mama akacheka kile kicheko chake cha adabu, alichokuwa akiwachekea wenye nguo. "Unanitania. Kwetu sisi hatunywei vikombe kama hivi."

Fundi akamshika mkono, akamketisha tena. Usiku ule alivirudisha vikombe vyote kabatini. Kulipokucha akamletea chai kwenye plastiki, ile ya bluu aliyoizoea. Mama aliitazama, akalitazama kabati, machozi yakamlengalenga.

"Nimekosa nini? Jana si mlinipa kile kizuri?"

Akakataa kunywa. Akakataa na uji. Fundi akampigia kaka yake simu.

"Nikimpa kizuri anaaga. Nikimpa cha kawaida analia. Nifanye nini?"

Kaka alikuwa juu ya ngazi, kazini. "Ngoja kwanza nishuke, dada," akasema.

Basi Fundi akafungua tena kabati, maana njaa haingoji. Mama akanywa, akashukuru, akavaa viatu. Fundi alipoufunga mlango, Mama aliugonga kwa heshima, akiomba afunguliwe, mpaka Fundi akashindwa kuvumilia. Wakatoka pamoja. Walipita mashine ya kusaga, wakapita duka la dawa, Mama akichungulia kila lango na kutikisa kichwa. Kwenye njia panda akasimama.

"Wewe unakaa wapi, binti?"

Fundi akaonyesha walikotoka. "Pale."

"Basi rudi. Umenisindikiza mbali, mama yako atakuwa na wasiwasi."

Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Fundi akamshika mama yake kiwiko, wakavuka barabara, wakaendelea kuitafuta nyumba.